Vijana wangu wanasifu tu: nitawaleaje wawe wahakiki wa sanaa?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, naishi Kikuyu hapa Dodoma. Kila Jumamosi nakutana na vijana saba wanaotaka kuandika kuhusu sanaa: ngoma, muziki, maigizo, filamu. Wawili ni Wagogo, wengine ni Mrangi, Msandawe, Mburunge, binti wa Kibarbaig, na kijana mmoja mzaliwa wa hapa mjini mwenye asili ya Kihindi. Bidii wanayo. Shida ni kwamba kila wanachoandika ni sifa: onyesho lilifana, msanii alikonga nyoyo. Nikiwataka wakosoe, wanasema si adabu kumkosoa mtu mzima, tena wa kwenu. Na kila mmoja anaona kazi yake ni kuandika ya kabila lake tu. Nitawaleaje? Na nikishawalea, wataandika wapi?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, maana unachokifanya kila Jumamosi ni kitu ambacho sanaa ya nchi hii inakihitaji sana. Wasanii tunao, na mahali pa kuwafundishia papo, tangu Chuo cha Sanaa Bagamoyo, siku hizi TaSUBa, hadi idara za vyuo vikuu, pamoja na Chuo Kikuu cha Dodoma hapo kwenu. Mtu wa kukaa na kazi ya msanii, akaitazama kwa makini, kisha akaandika kwa haki alichokiona, huyo ni adimu. Akiwa ametoka Chemba au Bahi ni adimu zaidi.

Nianze na hizo sifa. Wewe umeziona kama woga. Mimi katika miaka niliyohariri kurasa za sanaa nimekuta sababu inayoutangulia woga: kijana anasifu kwa kuwa hana kingine cha kuandika. Alikuwepo, alifurahi, akarudi nyumbani na furaha yake, na furaha peke yake haijazi hata aya mbili. Ndipo anapoazima maneno yaliyokwisha kutumika na kila mtu: lilifana, aliacha gumzo, alitisha, alikonga nyoyo. Ukimwambia kijana wa namna hiyo akosoe, ataandika "kikundi hakikujiandaa vya kutosha", na hapo bado hajasema kitu. Kageuza tu upande wa maneno yale yale.

Kwa hiyo kwa muda wa kutosha usiwaombe wakosoe. Waombe waeleze walichokiona.

Nikupe mfano. Binti mmoja niliyekuwa namhariri alikwenda kutazama kikundi cha muheme, ngoma ya Kigogo inayopigwa na wanawake, kwenye hafla mjini. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na sentensi hii: "Akina mama walipiga ngoma kwa ustadi mkubwa na kukonga nyoyo za wote waliohudhuria." Sikuifuta. Pembeni nikaandika maswali. Walikuwa wangapi? Ngoma walizishikaje? Nani alianza, na wenzake waliingia wakati gani? Hao "wote" ni akina nani, na walifanya nini? Wewe ulikuwa umekaa wapi?

Akarudi na ukurasa mzima. Akina mama wanane, ngoma wamezibana katikati ya mapaja, kiongozi anaimba mstari na wenzake wanampokea kwa sauti zinazopishana. Lakini maikrofoni ilikuwa moja, na fundi wa vyombo alikuwa ameiweka mdomoni mwa kiongozi. Kutoka viti vya mbele ilisikika sauti ya mama mmoja na mvumo wa ngoma. Waitikiaji walikuwa wanafungua midomo tu. Wazee wawili waliokuwa wamealikwa wakaacha viti vyao vya heshima, wakazunguka, wakaenda kusimama nyuma ya jukwaa, mahali ambapo spika hazifiki.

Hapo uhakiki ulikuwa umeshakamilika, kabla yeye mwenyewe hajajua. Uimbaji wa Kigogo unajulikana duniani kwa huo wingi wa sauti: watu wengi, kila mmoja na njia yake, wanakutana na kuachana bila kupotezana. Ukiwanyamazisha waitikiaji umebakiwa na wimbo wa mtu mmoja, na huo si muheme. Wazee wale walilijua hilo ndiyo maana wakahama. Sentensi ya hukumu aliyoiandika mwishoni ilikuwa fupi: waandaaji waliwaalika akina mama wanane wakatusikilizisha mmoja. Hakuna mzee aliyevunjiwa heshima, wala msanii aliyetukanwa. Akina mama wenyewe, walivyosomewa, walifurahi kwamba kuna mtu kalisema walilokuwa wanalinung'unikia kila wanapoitwa mjini.

Angalia pia kwamba swali lililomfikisha pale lilikuwa la kawaida sana: ulikuwa umekaa wapi? Maswali ya mlezi yawe ya namna hiyo. Ukimuuliza kijana "unaonaje kuhusu uhalisia wa onyesho?" atakujibu kwa maneno ya darasani. Muulize msanii alivaa nini, aliingia kutokea upande gani, taa ilizimwa lini, watoto walifanya nini. Kila anapoandika neno la hukumu, liwe zuri au baya, muulize: umeona wapi? Umesikia wapi? Asipokuwa na jibu, neno litoke. Mwezi wa kwanza mnaweza hata kukubaliana kwamba "nzuri", "mbaya", "bora" na ndugu zake wote hayaandikwi kabisa. Watalalamika, kisha utaona aya zinavyojaa vitu.

Kama onyesho linarudiwa, walitazame mara ya pili, na safari hiyo kwa nusu saa waligeuzie jukwaa mgongo na kutazama hadhira. Daftari na kalamu, simu mfukoni. Anayerekodi video huwa anaamini ameshaona, na usiku akifungua video anakuta sauti imevunjika na picha ni ya kichwa cha jirani.

Sasa adabu. Vijana wako wamesema jambo la haki, na usiwajibu kwamba kwenye uhakiki hakuna mkubwa wala mdogo. Nyumbani kwao mkubwa yupo na mdogo yupo, na wakitoka kwako Jumamosi jioni wanarudi huko huko. Ila waulize kama ni kweli kwamba nyumbani kwao sanaa haihukumiwi. Tunasema mcheza kwao hutunzwa, lakini hatunzwi kila dakika. Upo mstari wa wimbo ambao watu wananyanyuka na noti mkononi, na yupo mchezaji anayemaliza zamu yake bila mtu kusogea. Ile ni hukumu, imetolewa hadharani, na mchezaji anaielewa bila kuambiwa. Mpe kijana kazi ya kukaa kwenye ngoma au harusi akiandika jambo moja tu: watu walitunza lini, walimtunza nani, na kabla ya hapo kulitokea nini uwanjani. Akirudi atakuwa na maoni ya kijiji kizima mkononi, na atagundua kwamba kijiji kina vigezo vikali kuliko vya gazeti lolote.

Kisha mtume akakae na mama anayeongoza ngoma. Asimuulize maana ya ngoma, maana atapewa jibu wanalopewa wageni wote. Amuulize hivi: mama, unajuaje kwamba leo ngoma imekaa? Na siku isipokaa, inakuwa imeharibikia wapi? Swali hilo linampa mama nafasi ya mtaalamu, ambayo ndiyo yake, na linampa kijana msamiati wa uhakiki ambao hautoki kwenye kitabu. Akipewa maneno ya Kigogo, au Kirangi, au Kisandawe, kwa vitu ambavyo Kiswahili hakina jina lake, ayaandike hivyo hivyo na sentensi iyaeleze kwa matumizi. Siku ya kwanza aende bila kinasa sauti, asalimie, akae. Wewe unajua zaidi yangu kwamba anayeingia boma la watu na kuanza kuuliza kabla ya mbukwenyi, salamu ya Kigogo, haijakamilika hatapata kitu.

Kwa vijana wanaoamini kwamba kubishana mbele za watu ni ugeni, wapo mashahidi wa karibu. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, hapo hapo kwenu unapotoka mjini kushika njia ya Morogoro. Aliandika historia na mila za Wagogo, na ndiye anayetajwa zaidi katika kuzikuza ngonjera, mashairi ambayo upande mmoja unatoa hoja na wa pili unaijibu, kwa vina na mizani, mbele ya watu. Shule zetu zimezichezesha miaka na miaka. Na kabla ya ngonjera, washairi wa Kiswahili walikuwa wakijibizana kwa malumbano makali bila mtu kuacha kumwita mwenzake ndugu. Anayemwambia mwenzake "hoja yako hii haikusimama" kwa heshima hiyo hajatoka nje ya mila.

Kwenye karatasi heshima hiyo ina mahali pake pa kuonekana. Jina la mzee litajwe kamili na kwa wadhifa wake. Kinachopimwa kiwe kazi, wala si mwili, umri, ndoa au dini ya aliyeifanya. Na pale kijana anapotaka kuandika kwamba mzee fulani mwaka huu sauti imemchoka, asikilize kwanza kama mzee mwenyewe hajaigeuza sauti hiyo kuwa mtindo. Wazee wengi wenye akili ya jukwaa hufanya hivyo.

Jambo la tatu ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote: kila mmoja kuandika ya kwao. Naelewa linakotoka. Kijana wa Kisandawe amekua akisoma watu wa mbali wakiandika kuhusu kwao, mara nyingi kwa kukosea, na anaona sasa zamu yake imefika. Ni haki yake, na aanze huko. Lakini akibaki huko, nitakueleza yatakayompata, maana nimeyaona katika vyumba vya habari. Mhariri akishajua ana mwandishi Msandawe, atampigia simu kila Wasandawe wakitajwa, na hatampigia kwa jambo jingine lolote. Filamu mpya ikitoka atapewa mtu mwingine. Tamasha la Bongo Fleva likija uwanja wa Jamhuri atapewa mtu mwingine. Kijana anakuwa msemaji wa kabila, na siku kabila lisipokuwa na habari yeye hana kazi. Uingereza na Marekani waandishi weusi wamelipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi: wanatafutwa kwa tamthilia za watu weusi, Shakespeare wanaachiwa wenzao. Ikiwa wewe mlezi utawagawia kazi kwa kabila, utakuwa umeijenga boksi hiyo mapema, kwa upendo kabisa.

Na kikundi chako kina utajiri ambao wahariri wa Dar es Salaam hawana. Ukienda Kondoa na Chemba, umbali wa kilomita kama 160 tu kutoka mjini hadi Kondoa, unakuta Kirangi ambacho ni Kibantu, Kiburunge ambacho ni Kikushi, lugha ya Wabarbaig iliyo ya Kinailoti, na Kisandawe chenye vidoko. Lugha za makundi manne yasiyofanana, watu wananunua chumvi duka moja. Vijana wako wanne wanatoka kwenye makundi hayo manne. Watumie hivyo.

Ninachokipendekeza ni kazi za kubadilishana. Mrangi akaandike kuhusu muheme. Mgogo aende Kondoa. Binti wa Kibarbaig aandike filamu ya Kibongo aliyoitazama kwenye kibanda umiza, Mburunge aandike kwaya ya Kianglikana. Kisha kila rasimu isomwe na mwenyeji wa sanaa ile kabla haijafika kwako. Mwenyeji ana mamlaka kamili juu ya ukweli: jina la ala limekosewa, huyu si kiongozi ni mpokezi, hapa hapakuwa na harusi palikuwa na jando. Juu ya hukumu hana mamlaka. Akiona mgeni kaandika kwamba sehemu ya kati ilichosha, anaweza kubishana naye, hawezi kuifuta. Mkishaizoea kanuni hiyo ugomvi utakuwepo, na utakuwa ugomvi wenye faida. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mgeni anauliza kwa nini wanawake wamesimama upande ule na wanaume upande huu, na mwenyeji anakumbuka kwamba hakuwahi kujiuliza.

Kijana wako mwenye asili ya Kihindi, tafadhali usimwanzishie Diwali. Muulize anapenda nini. Amezaliwa Dodoma, amesikia ngoma za Kigogo kwenye kila mbio za mwenge na kila ziara ya kiongozi tangu akiwa mdogo, na huenda ana mengi ya kusema juu ya namna ngoma hizo zinavyogeuzwa kuwa mapokezi ya wageni, dakika tano juani, kisha wasanii wanapandishwa gari. Akitaka siku moja kuandika ya nyumbani kwao, atachagua mwenyewe.

Kuna mpaka mmoja ambao lazima uwape nguvu ya kuulinda. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, eneo la kilomita za mraba 2,336, na watalii wanakwenda Kolo kuitazama. Lakini baadhi ya mapango yale hayajawa makumbusho. Wenyeji bado wanafanyia matambiko, ya mvua na ya uponyaji, na Mongomi wa Kolo ni mojawapo. Vivyo hivyo kuna nyimbo za jando na unyago zisizotoka nje. Kijana wa jamii husika akisema "hili haliandikwi", lisiandikwe, na asitakiwe kueleza sababu. Ila mpaka huo unalinda mambo ya siri. Kilichopelekwa jukwaani, kikauziwa tiketi, kinapimwa kama kazi yoyote ya jukwaani, hata kama kimetokana na jando. Na kule Kolo kwenyewe yako mengi ya kuhakikiwa bila kugusa tambiko: mwongoza wageni anasimulia nini, anaanzia na nani, jina la nani linatajwa kwanza. Mary Leakey alikaa huko miaka ya 1950 akinakili michoro na hatimaye kitabu chake kikatoka 1983. Kazi yake ni kubwa. Kijana wa Kirangi anaweza kuuliza kwa haki kabisa simulizi za bibi yake zinasikika dakika ya ngapi ya ziara.

Kusikiliza nako kufundishwe, maana ukikuachia masikio ya redio kutabaki "beat kali". Kwa Dodoma una somo lililo tayari. Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa wenu, alihamia Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa mwito wa Mwalimu Nyerere, baadaye akawa Bagamoyo, na sauti yake, ilimba (ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze lake vikafika dunia nzima kupitia rekodi za kampuni ya Real World ya Uingereza. Alifariki Desemba 2003. Katika vikundi vya familia ile wanawake walikuwa zaidi waitikiaji; mwaka 2024 Pendo Zawose na Leah Zawose wakatoa albamu Maisha kwa jina la The Zawose Queens, wao wakiwa mbele. Wachezee vijana wimbo mmoja wa Hukwe, kisha mmoja wa Maisha, kisha sauti waliyoinasa wenyewe kijijini, yenye mbwa na upepo ndani yake. Waache waandike nini kimehama na nini kimebaki. Wimbo uliokuwa wa usiku kucha unafanya nini ukipewa dakika nne? Sauti ya mwanamke ikitoka nyuma kuja mbele, wimbo wenyewe unabadilika, au ni mpangilio tu? Hayo ni maswali ambayo mtoto wa Chamwino ana uwezo wa kuyajibu kuliko mhakiki wa London, kwa sababu anajua usiku ule unavyokuwa. Tamasha la Muziki wa Cigogo linalofanyika Chamwino kila mwaka litawapa vikundi vingi mahali pamoja. Kwa darasa lako hakuna siku bora zaidi ya hiyo.

Kusoma, kwa kuwa wewe ni mwalimu wa Kiswahili, nitapita haraka. Uhakiki wa Kiswahili una wazee wake: Farouk Topan aliyeanza kufundisha fasihi ya Kiswahili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walioandika pamoja juu ya fasihi na sanaa za maonyesho mwaka 1976. Vijana wawajue, hasa hao akina mama wawili, kwa kuwa waliziweka ngoma na masimulizi ya vijijini meza moja na tamthilia zilizoandikwa. Wasiige tu lugha ya vitabu vya kiada, ile ya "dhamira, wahusika, mandhari", ambayo umeisahihisha maisha yako yote. Hiyo ni ya kujibia mtihani.

Na hapo nikuombe jambo moja, kwa heshima. Mkono wako umezoea kalamu nyekundu. Rasimu ikifika, sarufi iache hadi mwisho. Ukianza na "hapa umekosea upatanisho wa kisarufi", kijana aliyekua akiongea Kiburunge nyumbani atajifunza kuandika sentensi fupi zisizo na hatari, na utampoteza. Soma mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili andika maswali tu, matatu au manne. Usimwandikie sentensi, hata pale unapoiona wazi kabisa. Ukiiandika wewe itakuwa na sauti yako, na vijana saba watatoka wakiandika kama mwalimu mmoja. Rasimu ya tatu ndiyo ya upatanisho na tahajia. Baada ya miezi michache wao kwa wao wahaririane, wewe ukae pembeni, uingilie wakikwama.

Suala la nauli si dogo hata kidogo. Ukikutania Kikuyu kila wiki, anayetoka Chemba analipa nauli kwenda na kurudi, anashinda njaa siku nzima, na siku akikosa utadhani amelegea. Katika mipango ya aina hii wa kwanza kupotea huwa ni wale wa mbali, ambao ndio mpango uliwekwa kwa ajili yao. Jumamosi moja kwa mwezi hamieni kwao, na nyingine rasimu zisafiri kwa WhatsApp. Mkipata mfadhili, hata kama ni parokia au duka la vifaa vya ofisi, pesa ya kwanza iende kwenye nauli na viingilio, kabla ya fulana zenye nembo.

Viingilio nimevitaja makusudi. Mhakiki alipe kiingilio au aingie kwa mwaliko wa wazi wa vyombo vya habari, na asichukue bahasha. Najua bahasha ya kaki ilivyozoeleka na najua vijana hawa hawana kitu. Ndiyo sababu mlizungumze mapema, kabla haijatolewa, na wawe na jibu mdomoni: "Asante, kikundi chetu hakipokei." Msanii akiwa mjomba, kijana aandike hivyo ndani ya makala, mstari mmoja, kisha aendelee, au kazi apewe mwenzake. Uchawa umeharibu sana uandishi wa burudani nchini. Msomaji akishajua kwamba sifa zinalipiwa haamini hata sifa za kweli, na anayeumia zaidi ni msanii mzuri asiye na pesa ya kuwalipa machawa.

Pa kuandika. Anzeni na redio za hapo Dodoma, kwa kuwa zina njaa ya vipindi vya Kiswahili vyenye watu wa huko huko, na uhakiki wa dakika tano unasomwa vizuri hewani, wimbo unaohakikiwa ukipigwa katikati. Magazeti kama Mwananchi, Nipashe na Habari Leo yana kurasa za burudani. Mhariri apelekewe makala iliyokamilika, maneno mia sita hivi, siku mbili baada ya onyesho. Asipelekewe barua ya kuomba nafasi. Mkitaka ukurasa wenu mtandaoni, someni kwanza Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizotolewa 2018 na kubadilishwa baadaye, muulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama mnahitaji leseni, na mkumbuke Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Maoni kuhusu onyesho yana nafasi yake. Kuandika kwamba kiongozi wa kikundi amekula pesa za wenzake ni tuhuma, na kijana asiyekuwa na ushahidi asiiguse. Kwa walioiva, jarida la sanaa la C& (Contemporary And) limewahi kuendesha warsha za uandishi wa uhakiki katika miji ya Afrika ikiwemo Nairobi na Lagos, na Durban kumekuwa na mafunzo ya wahakiki vijana wa filamu wakati wa tamasha la filamu. Kiingereza kinahitajika huko, lakini rasimu ya kwanza waendelee kuiandika kwa Kiswahili.

Makala ya kwanza yenye ukosoaji ikishatoka, simu italia. Msanii atapiga kwa hasira, au mwanawe, au diwani. Kijana asifute, wala asiombe radhi kabla hajasikiliza. Amuulize mpigaji: ni jambo gani nimelikosea? Kama ni jina, idadi, tarehe, au nani aliimba nini, kosa lisahihishwe siku hiyo hiyo na isemwe wazi kwamba limesahihishwa. Kama ni maoni, msanii akaribishwe kuandika jibu lake au kulisema hewani, kwa urefu ule ule, nanyi mlitoe bila kulikata. Siku hiyo uwe karibu, Mwalimu, na simu yako iwe wazi, kwa sababu baada ya kumjibu msanii kijana atakayempigia ni wewe.